Watu Wawili na Nusu

Nchi ninayoisimulia iko mbali, tena mbali kweli, kwa hiyo msianze kutazamana na kukonyezana. Inaitwa Tutafika. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko mito, na ina Barabara Kuu moja inayotoka vitongojini na kupita darajani hadi mjini, kwenye ofisi, soko kubwa na hospitali. Kila asubuhi nchi nzima huingia barabara hiyo, na kila asubuhi nchi nzima hukwama humo. Wenyewe wamezoea. Wako waliochumbiana kwenye foleni dirisha kwa dirisha, wakaoana, wakaachana, na daraja walikuwa bado hawajalivuka.

Basi Waziri wa Barabara na Subira, Mheshimiwa Dakta Injinia Ngwali Pandashuka, alisafiri ng'ambo kwenda kujifunza. Alirudi na suti mpya na wazo. Huko kwa wenzetu, alisema, njia moja ya barabara hutengewa magari yaliyobeba watu kadhaa. Watu watatu katika gari moja wanachukua nafasi ya gari moja. Watu watatu kila mmoja na gari lake wanachukua nafasi ya magari matatu. Ukumbi ulipiga makofi, maana hiyo ilikuwa hesabu ambayo kila mtu aliielewa. Na haki ya mtu mpe, wazo lilikuwa zuri. Ila wazo zuri likiingia Tutafika lazima lipite kwanza wizarani.

Barabara ilikuwa na njia nne. Moja ikachukuliwa, ikapakwa rangi ya kijani, ikaitwa Njia ya Umoja. Amri ikatoka: gari lenye watu pungufu ya watatu lisiikanyage.

Hapo pakazuka tatizo la mila. Tutafika mtu hahesabiwi. Ng'ombe huhesabiwa, magunia huhesabiwa, lakini binadamu haonyeshwi kidole ukasema mmoja, wawili, watatu. Huko ni kuyaita mauti yaje kukamilisha hesabu. Muulize mama wa kule ana watoto wangapi, atakwambia, "Wapo, tunashukuru." Sasa utajuaje kama garini wamo watatu? Kamati ikakaa, ikala, ikakaa tena. Mwisho wakapata jawabu ambalo hata wazee walilishangilia: watu hawatahesabiwa, watasalimiwa. Anayejibu salamu ni mtu. Getini akawekwa Afisa Salamu, mwenye sare nyeupe, ainame kila dirisha asalimie kila aliyemo. Yakitoka majibu ya kutosha, kizuizi kinapanda.

Mabasi ndiyo yaliyofukuzwa kwanza. Basi lilipofika getini limejaa, Afisa alisalimia kiti kwa kiti, na watu wa Tutafika mnawajua, au tuseme hamwajui. Humwambii mtu "habari za asubuhi" akakujibu "nzuri" yakaisha. Atakupa za nyumbani, za goti la bibi yake, za mvua iliyogoma. Basi moja lilikaa getini mpaka dereva akalala. Wizara ikaona kwamba mabasi yanaiharibu Njia ya Umoja kwa kubeba watu wengi, ikayapiga marufuku.

Wakafuata kasuku. Bwana Ramia, muuza mabati, mtu asiyetaka kuchangia gari hata na kivuli chake, alinunua kasuku wawili akawafundisha kusema "Nzuri, za kwako?" Afisa aliposalimu, majibu matatu yakatoka. Kesi ikafika mahakamani. Jaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaamua kwamba sheria inasema "yeyote ajibuye salamu," haikusema awe na meno. Tangu hapo kasuku wakawa adimu msituni na wengi barabarani.

Mheshimiwa Waziri mwenyewe hupita peke yake kiti cha nyuma, na hasalimiwi. Imekwisha kuelezwa kwamba mbunge amebeba ndani yake wananchi wa jimbo zima, hivyo gari lake ndilo lililojaa kuliko yote nchini.

Kwa hiyo Njia ya Umoja ilikaa tupu, safi, inang'aa. Watu wakabanana kwenye njia tatu zilizobaki, wakawa wanaitazama kupitia dirishani kama wenye njaa wanavyotazama sahani ya mwenzao.

Kati ya hao waliobanana alikuwapo Shomari, mshona magodoro wa mtaa wa Kisimani, na gari lake dogo kuukuu. Mtu mrefu, mkimya, ambaye nyusi zake zilikuwa na sufi kila siku ya Mungu. Maneno ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe, Mwajabu. Loo, yule mwanamke kwa salamu! Akitoka kununua chumvi ya chakula cha mchana, mjue mtakula jioni. Atamsalimia mwenye duka, na aliye nyuma ya mwenye duka, na mgeni aliyeegemea ukuta asiyemjua hata jina. Shomari alikuwa akisimama mlangoni na kuita, "Mama Nasra, salamu zako zitatuua kwa njaa!"

"Baba Nasra," mkewe humjibu bila kugeuka, "mtu hapitwi kama mti."

Kiharusi kilimkuta Mwajabu akikuna nazi. Kilimwachia akili yake yote na macho yake yote, kikachukua mkono wa kulia na kauli. Nyumba ikawa kimya. Binti yao Nasra, aliyeolewa mbali kaskazini, alikuja akalia wiki mbili, akarudi kwa wanawe. Wakabaki wawili. Mwajabu akitaka kusema ndiyo huubana mkono wa mumewe mara moja. Akitaka kusema hapana huuachia. Shomari, aliyelalamikia maneno ya mkewe miaka yote ya ndoa, sasa alikuwa akiketi kati ya magodoro na kutamani aambiwe japo neno moja la kijinga, hata la kumgombeza.

Kulikuwa na tumaini, na ndilo lililowaponza. Mjini hospitalini alikuwapo daktari wa kurudisha kauli, mmoja tu nchi nzima. Alimtazama Mwajabu siku zile alipolazwa, akasema, "Kauli itarudi, mzee, mradi umlete kila Jumatatu asubuhi, bila kukosa." Shomari akafurahi kama aliyeambiwa mkewe amezaliwa upya. Tatizo ni kwamba daktari huyo, ili awahi foleni ya kurudi, alikuwa akifunga chumba chake kabla ya adhuhuri. Na kwa njia zile tatu, mtu wa Kisimani hufika hospitali baada ya adhuhuri hata akiondoka na adhana ya alfajiri. Jumatatu ya kwanza wakakuta mlango umefungwa. Ya pili vilevile. Mlinzi alikuwa akiwaambia kwa upole, "Daktari ameshawahi foleni."

"Pitieni Njia ya Umoja," akasema jirani yao, Bi Zamoyoni, mjane muuza vitumbua, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. "Wewe, mkeo na mimi. Tunatosha. Vitumbua vitanisubiri."

Wakaenda. Getini alikuwa zamu Kombo, kijana mwembamba, Afisa Salamu Daraja la Pili, mwenye adabu zake. Akainama dirishani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba! Hujambo? Mama yako hajambo? Yule mwenye maumivu ya miguu?"

"Hajambo, tunashukuru." Akageukia kiti cha nyuma. "Shikamoo mama."

Mwajabu akamtazama. Macho yake yalijaa maneno, na midomo ikatetemeka upande mmoja. Kombo akasubiri, akarudia salamu, akasubiri tena.

"Ni mgonjwa, mwanangu," akasema Shomari. "Kauli imeondoka. Ndiyo tunampeleka ikatafutwe."

"Pole mzee. Pole sana." Kombo alitazama huku na huko, akashusha sauti. "Lakini sheria inamjua anayejibu. Asiyejibu kwetu sisi hayumo garini. Nikikupitisha, kesho mimi mwenyewe siko hapa."

"Hayumo! Huyu hapa, mguse!"

"Naona yumo, mzee wangu. Macho yangu yanamwona, ila macho hayamo katika sheria. Naomba urudi nyuma taratibu, kuna gari linakuja."

Lililokuwa likija ni la Bwana Ramia. "Nzuri, za kwako?" wakasema kasuku wote wawili, na kizuizi kikapanda.

Ndivyo Shomari alivyoingia katika shimo ambalo wizara ililichimba bila hata kulijua. Ili mkewe apate kusema, ilibidi afike hospitali mapema. Na ili afike mapema, ilibidi aseme. Alilizungusha jambo hilo kichwani kutwa nzima akishona, hata sindano ikamdunga. Jioni akaweka kigoda mbele ya mkewe, akaketi, akajifuta sufi usoni. Kama daktari hafikiki, atamfundisha yeye.

"Shikamoo, Mama Nasra," akasema.

Mjue, mwanamume wa Tutafika hamwamkii mkewe shikamoo, tena Shomari alimzidi Mwajabu umri. Mwajabu alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki, akacheka mpaka machozi. Kicheko kilikuwa hakijasikika nyumba ile tangu siku ile ya nazi. Shomari naye akacheka, kisha akaanza upya: shikamoo asubuhi, shikamoo mchana, shikamoo akimlisha uji. Majirani wakachungulia wakatania, "Mzee Shomari amekuwa mtoto!" Hakujali. Na siku moja, wakati anamfunga kanga kichwani, alisema shikamoo yake kwa mazoea tu, akasikia nyuma ya mkono wake, "Ma."

Aliacha kanga chini akatoka mbio bila viatu mpaka kwa Bi Zamoyoni. "Amesema! Amesema ma!"

"Ma nini?"

"Ma tu. Lakini si ndiyo mwanzo wake?"

Bi Zamoyoni akaepua kikaango, akapiga kigelegele kilichosikika hadi Barabara Kuu.

Wiki iliyofuata, asubuhi ambayo haikuwa hata ya Jumatatu, Mwajabu aliamka macho yanazunguka. Alijishika kichwa kwa mkono mzima, akatapika, na jasho likamtoka kama maji. Shomari hakuwa daktari, ila aliona kwamba kile kilichokuja mara ya kwanza kimerudi kuchukua kilichobaki. Akambeba mwenyewe hadi garini. Bi Zamoyoni akaacha unga ukiumuka akaingia nyuma, akamlaza Mwajabu begani. "Pita getini," alisema. "Leo watatuelewa, wao si mawe."

Lakini leo getini kulikuwa na sherehe. Njia ya Umoja ilikuwa inatimiza mwaka. Kulikuwa na turubai, viti vyenye vitambaa, ngoma na kipaza sauti, na Mheshimiwa Dakta Injinia Pandashuka alikuwa katikati ya hotuba.

"Wako wanaouliza," alinguruma, "je, njia hii inaitumia barabara yetu vizuri? Nami nawauliza hao: foleni iko wapi humu? Haipo! Katika nchi yote hii, nitajieni njia nyingine isiyo na foleni hata chembe. Njia tatu zile zimeshindwa. Hii moja imefaulu. Ndugu zangu, njia ikiwa tupu ndiyo imefanya kazi yake!"

Makofi. Injinia mmoja mstaafu, aliyealikwa kwa makosa, akanyanyua mkono. Alisema njia yenye magari machache inaweza kweli kupitisha watu wengi kuliko njia iliyosongamana, na hilo lingekuwa jambo la heri. Ila ili tujue, hatuna budi kujua ni watu wangapi wanaopita humu, na wangapi wamekwama kule.

"Unataka tuhesabu watu?" akauliza Waziri, na wazee waliokaa mbele wakaguna kwa hofu. Injinia aliketi chini, na maji yake ya kunywa yakaondolewa.

Ndipo gari la Shomari likafika, honi haikatiki. Walinzi wakaliendea mbio, lakini Waziri aliona kamera zimeligeukia, akatabasamu kwa meno yote. "Muacheni! Mwananchi wa kawaida ameitikia wito wa umoja! Leo nitasalimu mwenyewe." Akashuka jukwaani na kipaza sauti mkononi. Kombo, aliyekuwa zamu, akasogea pembeni.

Waziri alimsalimu Shomari, akajibiwa. Akamsalimu Bi Zamoyoni, akajibiwa kwa neno moja tu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kisha akainama dirisha la nyuma, akaipooza sauti kwa ajili ya kamera. "Shikamoo, mama yangu mzazi."

Watu walisifu unyenyekevu wake. Mwajabu akafumbua macho. Bi Zamoyoni akanyoosha mkono akamfinya Shomari ubavuni, akanong'ona, "Mjibie! Bana sauti, sema marahaba!"

Shomari aliweza. Kujibia salamu ya mwingine kulikuwa kosa la kifungo, naye alilijua, wala si hilo lililomzuia. Alikuwa ameona shingo ya mkewe ikikaza na midomo ikikutana, kama nyumbani. Alijua neno linakuja. Walikuwa wamelihangaikia pamoja neno lile, na alitaka liwe lake Mwajabu, alitamke mbele ya nchi nzima. Akanyamaza kumpisha.

"Ma," akasema Mwajabu.

Kipaza sauti kililichukua, likasikika turubai zima. Wote wakasubiri. Midomo ikatikisika tena, ila hakikutoka kitu.

Washauri wakamzunguka Waziri. Wakanong'onezana, wakafunua kitabu, wakakifunga. Waziri akakohoa. "Ndugu wananchi, serikali yenu ni sikivu. Hatuwezi kusema mama huyu hakujibu, kwa sababu tumesikia. Wala hatuwezi kusema amejibu, kwa sababu neno halikuisha. Kwa haki kabisa, katika silabi nne tumepokea moja, ilikuwa apate robo. Lakini kwa huruma ya serikali, nimempa nusu!" Makofi mazito. "Kwa hiyo gari hili lina watu wawili na nusu, nalo litarudi njia ya kawaida kwa heshima zote."

Wazee wa mbele hawakupiga makofi. Walitema mate pembeni kuondoa mkosi, maana Mheshimiwa alikuwa amehesabu watu kwa kinywa chake, hadharani, na hesabu haikukamilika.

"Mheshimiwa, anakufa!" Bi Zamoyoni alipiga ukelele. Ngoma zilikuwa zimeshaanza.

Kombo ndiye aliyewarudisha nyuma, akiwa ameweka mkono juu ya gari mpaka lilipoingia foleni.

Foleni ilisogea, ikasimama, ikasimama zaidi. Kulia kwao Njia ya Umoja ilikuwa wazi mpaka macho yanapokomea. Shomari alishika usukani kwa mkono mmoja, wa pili ameurudisha nyuma ya kiti, umeshikana na wa mkewe. Madereva wa karibu walipoona, walijaribu kumpisha. Huyu akapanda ukingo, yule akajibana mtaroni, lakini mwenye kubanwa hana pa kumpishia mwenzake. Msafara wa Waziri ukapita kulia kwao kwa kasi, sherehe imekwisha.

"Mama Nasra, unanisikia?"

Mkono ulimbana. Ndiyo.

"Tutafika. Vumilia. Shikamoo, Mama Nasra. Si uniitikie? Shikamoo."

Ulimbana tena, kidogo. Alisema shikamoo yake tena na tena, hajui tena kama anamfundisha au anamwomba. Bi Zamoyoni akaanza kumsomea shahada sikioni kwa sauti ambayo hakuna aliyedhani anayo, sauti ndogo kabisa. Karibu na daraja mkono ule ukaachia. Shomari alisubiri ubane tena. Magari ya nyuma yakapiga honi, maana mbele palikuwa pamefunguka nafasi ya gari moja, naye hakusogea.

Hospitali iliwapa sanda na cheti. Kheri, kaka wa marehemu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alikuja na gari la wazi la kuazima, wakamlaza Mwajabu nyuma juu ya godoro ambalo Shomari alilishona mwenyewe. Kheri akaendesha, Bi Zamoyoni akakaa katikati, Shomari dirishani. Walipofika geti la kutoka mjini, Kheri hakuwa na akili ya kuchagua njia, akaingia ile iliyokuwa tupu.

Kombo alikuwa amehamishiwa huko amalizie zamu. Huko nako turubai la sherehe lilikuwa linashushwa.

"Shikamoo mzee," akamwambia Kheri, akajibiwa. "Shikamoo bibi." Akajibiwa. Akamtazama Shomari na kuinamisha kichwa. "Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

Majibu matatu. Kizuizi kikapanda, na sheria haikuwa na neno tena. Lakini Kombo hakusogea kuwapisha. Alizunguka nyuma ya gari taratibu, akavua kofia ya sare, akasimama mbele ya ule mwili uliofunikwa kanga.

"Shikamoo mama," akasema.

Washusha turubai wakaacha kamba zao. Shomari alifungua mlango, akateremka, akaja akasimama upande wa kichwa cha mkewe. Alijitahidi kama alivyomwona Mwajabu akijitahidi, na mwisho neno likatoka, kwa sauti yake mwenyewe nene, bila kuibana.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Kombo alikuwa akijua kosa lile na kifungo chake kuliko yeye. Akavaa kofia.

"Nimesikia, mama," akasema. Kisha akanyoosha kidole, kitu ambacho hakikuwahi kufanywa geti lile, akamwonyesha Kheri, akamwonyesha Bi Zamoyoni, akamwonyesha Shomari, mwisho akakielekeza juu ya godoro. Bi Zamoyoni akaziba mdomo. "Mauti yameshakuja, bibi, hayana la kuongeza," Kombo akamwambia. "Mko wanne. Piteni."

Njia ilikuwa tupu yote. Kheri alikanyaga mafuta, na miti ya kando ikawapita mmoja mmoja, na daraja wakalivuka bila kusimama. Walifika Kisimani kungali mchana, unga wa Bi Zamoyoni umefurika beseni na kumwagika. Kwa dakika moja Shomari akasahau yaliyotokea, akamgeukia mkewe kule nyuma kumwambia wamewahi.